Kutumia daileta bila kuumia: mwongozo kwa mwanamke aliyezaliwa bila uke

Nilipofikisha miaka 17 bila kuvunja ungo, nyumbani kwetu Temeke kila mtu alikuwa na lake la kusema. Bibi alisema damu imefungwa. Shangazi alinipeleka kwa mzee mmoja wa kunifungua, nikanywa mizizi michungu kwa wiki tatu. Mama, ambaye si msemaji, alinishika mkono asubuhi moja tukapanda daladala kwenda hospitali, na huko altrasaundi ikaonyesha jambo ambalo mzizi wowote usingelibadilisha: sina kizazi, na pale penye uke pana kishimo kifupi tu. Vifuko vya mayai vipo na vinafanya kazi yake, ndiyo maana niliota matiti na nyonga kama wenzangu.

Hali hii inaitwa sindromu ya Mayer-Rokitansky-Küster-Hauser, kwa kifupi MRKH. Humpata mtoto wa kike mmoja kati ya 4,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 Dar es Salaam, kwa hiyo ukipiga hesabu utaona tuko mamia katika jiji hili, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Miaka kadhaa baadaye, nilipoamua mwenyewe kwamba nataka kuwa na uke, nilipewa mfuko wenye daileta, yaani vijiti vya kurefushia uke, na maneno mawili: "jitahidi kusukuma." Nilisukuma kwa miezi miwili. Nikatoka damu, mkojo ukaanza kunichoma, nikaufungia mfuko juu ya kabati. Aliyenifundisha ni muuguzi mmoja wa makamo, kwa muda usiozidi dakika 40, na kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba uke haurefushwi kwa nguvu, unarefushwa kwa kurudia. Haya ninayoyaandika yanatokana na somo lake, na miaka niliyolifanyia kazi.

Kwa nini njia hii inafanya kazi

Daileta ni kijiti laini chenye ncha ya mviringo, cha plastiki ngumu au cha silikoni, kinachokuja katika saizi zinazopanda taratibu. Ukikiegemeza kwenye kile kishimo kwa upole, kila siku, ngozi inanyumbulika na kuingia ndani kidogo kidogo. Bibi zetu wa pwani waliovaa majasi masikioni hawakuanza na tundu kubwa. Walianza na kijiti chembamba kwenye ndewe, wakaongeza unene mwezi baada ya mwezi, na sikio likafuata bila kuchanika. Mwili wa chini nao hufuata hivyo hivyo.

Daktari Robert Frank wa Marekani aliieleza njia hii mwaka 1938. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa wanawake cha Marekani, ACOG, kilisisitiza kwamba iwe ndiyo ya kwanza kujaribiwa kabla ya upasuaji, kwa sababu zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 wanaoifuata vizuri hufanikiwa. Hata wanaofanyiwa upasuaji wengi wao hulazimika kutumia daileta baadaye, vinginevyo njia hujifunga.

Nikuambie wazi pia kisichowezekana: daileta haileti hedhi wala mimba. Inatengeneza uke unaoweza kutumika kwa tendo la ndoa, basi. Habari ya kizazi ni safari nyingine. Mwaka 2014 mwanamke wa Sweden mwenye hali kama yetu alijifungua mtoto kwa kizazi alichopandikizwa, lakini usichanganye safari hizo mbili kichwani, utachoka kabla hujaanza.

Kabla hujagusa kifaa

Thibitisha kwanza una nini. Kuna wasichana wasioona hedhi kwa sababu uke wao umezibwa na utando, huku kizazi kipo na damu inakusanyika ndani kila mwezi. Huyo anahisi maumivu ya tumbo yanayorudi kwa mzunguko, na tiba yake ni upasuaji. Akianza kusukuma daileta anajidhuru. Kwa hiyo nenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Anza na kituo chako cha afya au hospitali ya mkoa kama Temeke, Amana au Mwananyamala, uombe rufaa. Muhimbili, pale Upanga, ndiyo hospitali ya taifa. Omba figo zako nazo ziangaliwe kwa altrasaundi, kwa kuwa wenzetu wengi wenye MRKH wana figo moja, au figo iliyokaa mahali pasipo pake. Ukijua hilo mapema hutapuuza homa na mkojo unaochoma.

La pili ni utayari, na hapa sitakuwa mpole. Zoezi hili ni la mwanamke mzima aliyelitaka mwenyewe. Halifanywi kwa sababu mama ana haraka ya posa, wala kwa sababu mchumba ametishia kuondoka. Uke mfupi hauozi na hauna tarehe ya mwisho. Niliowaona wakiteseka zaidi ni wale walioanza miezi miwili kabla ya harusi, kadi za kitchen party zikiwa zimeshatoka. Kama ndoa ndiyo sababu yako, jipe nusu mwaka angalau, na usiape kwa tarehe.

La tatu, mwombe daktari au muuguzi akuonyeshe kwa vitendo mara ya kwanza. Usione haya kusema "sijaelewa, nionyeshe tena." Mimi niliona haya, na yakanigharimu miezi miwili na damu.

Vifaa

Nilizunguka maduka manne ya dawa Kariakoo nikitafuta daileta, sikupata hata moja. Zilizonifaa zilitoka hospitali. Ukiagiza mtandaoni, mwonyeshe daktari kabla ya kutumia. Usijaribu mshumaa, chupa, karoti wala mpini wa kitu chochote. Mshumaa hukatika, chupa hupasuka, na mboga ina vijidudu. Daileta nzuri haina mshono wala ncha kali, na upande wa nyuma una kitako cha kushikia.

Jeli ya kulainisha iwe ya maji. Ipo katika maduka mengi ya dawa. Mafuta ya mgando hung'ang'ania ndani na hayaoshwi kirahisi, na mafuta ya aina yoyote, ya nazi yakiwemo, huharibu kondomu za mpira, ambazo utazihitaji baadaye. Kama daileta yako ni ya silikoni, usitumie jeli ya silikoni, maana huichubua.

Kingine: kioo kidogo cha mkononi, mito miwili au mitatu, kanga mbili kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, na daftari dogo. Jeli ya ganzi usiitumie bila daktari kukuambia. Maumivu ndiyo kengele yako, ukiizima utajichana bila kujua.

Faragha na kuulegeza mwili

Mwili wenye hofu hujifunga. Misuli inayozunguka mlango wa uke na njia ya haja hubana yenyewe mtu anaposikia mlango unasukumwa, na ukisukuma daileta dhidi ya misuli iliyobana, utaumia hata ukitumia jeli chupa nzima. Ndiyo maana faragha ni sehemu ya tiba, si anasa. Na faragha kwa tuliopanga chumba kimoja, choo cha uani, wadogo zetu wakilala nasi, haiji yenyewe.

Tafuta saa ambayo nyumba huwa tulivu. Kwangu ilikuwa baada ya wapangaji kwenda kazini, na usiku baada ya taarifa ya habari. Nilimwambia mama, akawa mlinzi wangu: nikimaliza kuoga anasema "mwenzenu amepumzika," na hakuna anayegonga. Kama kuna mtu mmoja wa kumwamini nyumbani, mwambie. Kufanya zoezi huku umetega sikio ni kazi bure.

Oga kwanza, ikiwezekana kwa maji ya vuguvugu. Kama maji ya moto ni ya shida, yale ya chupa ya chai yanatosha: lowesha kanga, ikamue, iweke chini ya kitovu na kwenye mapaja kwa dakika tano mpaka ujisikie umelegea. Isiwe ya kuunguza. Wakati wa kaskazi, joto la Dar lenyewe litakulegeza, lakini jasho litafanya kifaa kiteleze mkononi, kwa hiyo weka kitambaa kikavu karibu.

Kisha nenda haja ndogo. Kibofu kilichojaa kinasukuma ukuta wa mbele na kufanya kila mguso uume. Haja kubwa nayo ina uzito wake hapa: choo kigumu hujaza nafasi ileile unayojaribu kuifungua. Wiki ambayo nilikula mapapai, mboga za majani na kunywa maji ya kutosha, zoezi lilikuwa jepesi waziwazi.

Lala chali, nusu umeegemea mito, magoti yamekunjwa na kuangukia pembeni, kila goti likiwa na mto wake. Usiyaache magoti yaning'inie, mapaja yatatetemeka na misuli ya ndani itabana pamoja nayo. Vuta pumzi mpaka tumbo linyanyuke, kisha itoe polepole kwa mdomo kama mtu anayepoza chai. Fanya hivyo mara kumi kabla ya kugusa chochote. Katika kila pumzi inayotoka, legeza huko chini kama unavyofanya mkojo unapoanza kutoka, bila kujikamua.

Mahali na mwelekeo

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo soma mara mbili.

Shika kioo na ujiangalie kwenye mwanga. Juu kuna kinembe, ambacho kwetu hakina kasoro yoyote. Chini yake kuna tundu dogo sana la mkojo. Chini ya tundu hilo ndipo penye kishimo cha uke, na chini zaidi kuna njia ya haja kubwa. Weka kidole safi chenye jeli kwenye kishimo, bonyeza taratibu, usikie panavyobonyea. Kaa hapo dakika moja. Siku za kwanza unaweza kuishia hapo tu, na hiyo imehesabika.

Sasa chukua daileta ndogo kabisa, ipake jeli ya kutosha, na kishimo nacho ukipake. Iweke ncha kwenye kishimo, kisha ielekeze ndani na nyuma kidogo, kuelekea kifandugu. Usiielekeze juu kuelekea kitovu. Ukielekeza juu unakandamiza njia ya mkojo, na ukifanya hivyo kwa wiki nyingi unaweza kuitanua njia isiyo yake. Huo ndio uliokuwa mchomo wangu wa miezi miwili: nilikuwa nafanya bidii kwenye tundu jirani. Ukisikia haja ya kukojoa ghafla, au mchomo mkali upande wa mbele, toa, pumzika, jiangalie tena kwa kioo, elekeza nyuma zaidi.

Ongeza msukumo pumzi inapotoka, na pumzi inapoingia baki hapo hapo bila kusukuma wala kuondoa. Unachotafuta ni hisia ya kubanwa na kuvutwa, kama unavyonyoosha paja lililokaza baada ya kutembea sana. Mimi hujipa alama kutoka 0 hadi 10: hadi 3 naendelea, ikifika 4 napunguza, ikifika 5 natoa. Maumivu makali kama ya kukatwa si dalili ya maendeleo hata kidogo. Mtu akikuambia "vumilia," huyo hakutakii mema kwa wakati huo, hata kama ni daktari.

Mkono ukichoka, badilisha mkono. Wapo wanaosukuma wakiwa wamekaa: daktari Ingram wa Marekani mwaka 1981 alieleza njia ya kukalia kiti kama cha baiskeli ili uzito wa mwili ufanye kazi. Hiyo usiianze bila mtaalamu, kwa sababu uzito wa mwili hausikii unapoumia.

Muda

Kawaida inayoelekezwa ni dakika 10 hadi 30, mara 1 hadi 3 kwa siku. Usianze na dakika 30. Wiki ya kwanza fanya dakika 5, asubuhi na usiku, kisha panda. Mara mbili za dakika 15 zinavumilika kuliko moja ndefu ya kukunja uso. Weka redio, sikiliza mawaidha, ongea na rafiki kwenye simu, maana akili ikihama misuli nayo husahau kubana.

Ukimaliza, toa taratibu huku unapumua, nenda kakojoe, jioshe kwa maji matupu. Daileta ioshe kwa sabuni isiyo na manukato makali, isuuze vizuri, ikaushe kwa kitambaa safi na uihifadhi chumbani. Dawa za kuua vijidudu za kusafishia vidonda na sakafu ziache kabisa, zitakuunguza. Na ndani ya uke usiingize shabu, ndimu, ugoro wala chochote anachokupa somo wako wa unyago kwa ajili ya kukaza au kukausha. Ngozi yetu mpya ni nyororo, na vitu hivyo huichubua na kuifunga upya.

Yanayoumiza mara nyingi

Ukavu ndio wa kwanza, na dawa yake ni kuongeza jeli katikati ya zoezi, siyo mwanzoni tu. Wa pili ni kuruka saizi. Daileta inayofuata huanzwa pale ya sasa inapoingia bila wewe kujikaza, siku kadhaa mfululizo. Siku ya kubadilisha, anza dakika 5 na ya zamani kisha ingiza mpya. Ikigoma rudi chini, hujapoteza kitu. Kwa kawaida urefu hutangulia, unene hufuata.

Wa tatu ni misuli inayogoma kulegea hata ukipumua vipi. Hapo mtaalamu wa fiziotherapia anayejua misuli ya nyonga anasaidia kuliko jeli yoyote. Mwombe daktari wako akutafutie. Wa nne ni huzuni. Kuna siku utashika kile kifaa na machozi yatoke, ukikumbuka wanawali wenzako waliochezwa unyago na wewe ukabaki jikoni. Siku hiyo kiweke chini. Zoezi lililofanywa kwa kilio hufundisha mwili kuogopa, na kesho utaanza na mwili unaoogopa. Kama siku hizo zinazidi zile nyingine, ongea na mshauri nasaha, na umwambie daktari wazi kwamba hilo nalo ni sehemu ya matibabu.

Matone machache ya damu nyepesi, hasa unapobadilisha saizi, yanaweza kutokea na huisha yenyewe. Pumzika siku moja. Lakini acha zoezi na uende hospitali ukiona damu inayoendelea kutoka, damu kwenye mkojo, homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu yasiyoisha saa kadhaa baada ya kutoa, au mkojo unaochoma. Mwenye figo moja asisubiri hata kesho kwa homa na mkojo unaochoma, wala asijinunulie vidonge vya UTI dukani.

Kupima maendeleo

Mara moja kwa wiki, siyo kila siku, weka kidole kwenye daileta pale inapoishia nje, kisha pima kwa rula na uandike. Wiki mbili za mwanzo daftari langu lilikuwa na namba ileile, nikataka kuacha. Wiki ya tano ikasogea. Wengi huchukua miezi 3 hadi 6, wengine zaidi, kutegemea ulianza na kishimo cha kiasi gani na unafanya mara ngapi. Hakuna urefu mmoja wa kufikia. Kipimo ni starehe yako: daileta ya saizi ya mwisho inaingia, inakaa, na wewe unapumua kawaida.

Mwenza

Mume au mchumba aambiwe na mwenye mwili, kwa wakati wake, siyo na shangazi. Mimi nilimwambia wangu tukiwa tumekaa ufukweni Kigamboni, mchana, mahali ambapo kila mmoja angeweza kunyanyuka na kwenda kufikiri. Nilimweleza kwanza kwamba ni maumbile ya kuzaliwa, kwamba hayaambukizi, na kwamba sitazaa kwa njia ya kawaida. Jambo la daileta nililieleza siku nyingine.

Mkianza tendo la ndoa, tumia daileta dakika 10 kabla, jeli nyingi, na wewe ndiye uwe mwenye kuongoza kina na kasi. Mlalo wa ubavu au wewe ukiwa juu hukupa uwezo huo. Kukosa kizazi hakukukingi na maambukizi ya zinaa wala virusi vya ukimwi, kwa hiyo kondomu ina kazi yake palepale.

Baada ya kufika

Uke uliotengenezwa hivi husinyaa ukiachwa. Anayekutana na mumewe mara kwa mara anaweza kupunguza daileta au kuiacha. Asiyekutana na mtu aendelee, mara moja au zaidi kwa wiki, kama daktari wake atakavyomwelekeza. Mume wangu anapokuwa safarini mimi hufanya Jumatano na Jumapili usiku.

Nikisafiri kwenda msibani au kijijini, daileta moja ya saizi ya kati na jeli hukaa kwenye kifuko cha kitambaa, ndani ya kanga, katikati ya begi. Nikikosa nafasi wiki mbili nikirudi sianzi na saizi niliyoishia. Nashuka mbili, napasha kanga maji ya moto, napumua zile pumzi kumi, na kwa kawaida ndani ya siku nne au tano ninakuwa nimerudi nilipokuwa.